Shahidi Asiyejua Nyuso

Kabla utando haujafika mlimani, watu wa Irongo walikuwa na uhakika wa jambo moja kuhusu Mwalimu Nakiete: anaringa. Aliwahi kumpita mama mkwe wake sokoni bila salamu, asubuhi na tena mchana, huku mgongoni amembeba mjukuu wa mama mkwe huyo huyo. Aliwahi kumpa pole ya msiba mtu asiyefiwa, na mfiwa amesimama kando anatazama. Upareni unaweza kusamehewa shamba ulilomega usiku, lakini salamu usiyoitoa itasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Si kwamba hakuona. Aliona sisimizi ukutani na uzi wa sindano. Usoni mwa mtu aliona macho, pua, mdomo, kila kimoja mahali pake, ila vikikusanyika havikumpa mtu. Uso wa mume wake na uso wa kinyozi zilikuwa kwake kama mawe mawili ya mtoni. Wataalamu wa mjini walikuja na jina refu la hali hiyo, lakini watoto wa darasa la tano walikuwa wameshaigundua zamani. Siku moja walibadilishana viti, na mtoto wa Ombeni akaadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Ombeni alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Hakulala mpaka Nakiete, mwalimu wao wa hesabu, alipoondolewa shuleni.

Nakiete akaishia jikoni kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo mlima mzima hutoka na majembe kuzibua mifereji na kuyatunza mabwawa ya kumwagilia, yale wanayoyaita ndiva. Akawapikia makande. Hakuna aliyemwonea huruma, naye hakuomba huruma ya mtu.

Kisha utando ukaja.

Uliletwa kwa wema, hilo lisemwe. Ulitengenezwa kwa ajili ya walioungua moto: ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, inayokula joto la mwili na kushika msuli ulio chini yake, kiasi kwamba ukicheka inacheka na ukikunja uso inakunja. Kibandiko kidogo cha kooni kilirekebisha sauti. Halafu watu wakagundua kwamba uso unaoweza kurudishwa unaweza pia kuazimwa.

Cha ajabu ni kwamba ule utando haukufanana sana. Ulifanana kiasi. Ujanja wake ulikuwa kichwani mwa anayetazama, maana humo ndani pana mahali panapodaka uso wa mtu haraka kuliko wazo, na pakishadaka, kazi imekwisha. Kimo kisicholingana, mwendo mgeni, mkono usio wake, vyote akili inavisamehe kwa sababu uso umeshaitikiwa. Utando uliundwa kukamata mahali hapo tu. Kamera zikadanganyika, makarani wakadanganyika, mama waliowazaa watu wakadanganyika. Nakiete hakudanganyika hata siku moja, kwa kuwa kichwani mwake mahali hapo hapakuwapo. Ndoano ilitupwa kwenye mtungi usio na samaki.

Ndipo sheria ikatoka: panapobishaniwa mtu ni nani, neno la asiyejua nyuso ndilo la mwisho. Kupima damu kulishakatazwa milimani, tangu damu za watu ziliposafirishwa na kuuzwa bila wenyewe kujua. Kwa hiyo mtu ambaye mlima mzima haukumwamini amtambue mume wake akawa ndiye anayeaminiwa kumtambua yeyote.

* * *

Bwana Kilave wa Shirika la Bonde alimkuta jikoni, akakataa kigoda, akakubali makande.

Watu wa Irongo walimpenda Bwana Kilave kwa uso wake. Mmoja alisema anafanana na mjomba, mwingine alisema na marehemu mchungaji, na wote walisema huyu si mtu wa kudanganya. Nakiete aliona mtu anayeshika bakuli kwa ncha za vidole, na kidole chake kidogo kimepinda kuelekea nje. Bwana Kilave aliyekuja masika alikuwa na kucha pana, na alijifuta kiganja kwenye suruali kabla ya kupokea kitu. Yule aliyekuja mwaka wa ukame kutia sahihi mkataba alicheka kwa pua na kuegemea kisigino cha kushoto. Wote walikuwa na jina moja na, kwa maelezo ya watu, uso mmoja. Nakiete aliwapakulia wote watatu na hakusema kitu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupakua.

Shauri lilikuwa hili. Mzee Kiondo Mgonja, mwenyekiti wa maji wa Irongo, alikuwa amekataa kwa mwaka mzima kuliachia Shirika malango ya ndiva. Lakini mkataba wa mwaka ule wa ukame ulikuwa na kifungu: mwenyekiti akifa kabla ya muhula kwisha, Shirika litashika malango mpaka uchaguzi mwingine. Vijiji vya chini vilishikwa hivyo hivyo. Uchaguzi haukuja, mifereji ikaota nyasi, na maji yakashuka kwa mabomba kwenda kwenye mashamba ya Shirika. Sasa Shirika lilidai kwamba anayekalia kiti cha Kiondo si Kiondo. Hakimu angefika kesho yake asubuhi, na shahidi alikuwa mmoja.

"Sikuombi uongo, Mwalimu," Bwana Kilave alisema. "Nakuomba useme unachokijua. Shule itakurudisha, hilo nimeshalizungumza. Na tiba ipo."

Nakiete aliuliza tiba ya nini, ingawa alijua.

Akaelezwa. Kijiwe kidogo nyuma ya sikio, hakiumi, kinapajenga pale mahali palipokosekana. Baada ya mwezi mmoja angemtazama mwanawe akitoka shuleni katikati ya watoto wengine na kumjua kwa uso, bila kusubiri atembee, bila kusubiri akohoe.

Hapo Nakiete aliumia kweli. Alikuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja ambaye kila siku alisimama langoni akipunga mkono wa kushoto ili mama yake amjue, na alikuwa ameanza kuona haya mbele ya wenzake. Mwiko ulitulia sufuriani. Kuna mambo mtu huyatamani mpaka anajichukia.

"Nikipona," aliuliza, "utando utanidanganya?"

"Utakuwa kama watu wengine wote."

"Ndicho nilichouliza."

Bwana Kilave akatabasamu, au mdomo wake ulifanya kitu, akaweka bakuli chini na kuondoka. Makande hakuyamaliza.

* * *

Mchana ule ule Nakiete alipanda hadi kwenye ukuta wa ndiva kubwa. Mwenyekiti alikuwa peke yake, ameinama anaangalia ufa kwenye udongo.

"Nakundwa," Nakiete aliita.

Mtu yule alikaa chini ghafla. Nakundwa, binti pekee wa Kiondo, ilisemekana yuko Tanga kwenye kazi. Jina lake halikuwa limetamkwa mlimani tangu vuli.

Akauliza kwa sauti ya baba yake, kisha akakibandua kibandiko cha kooni na kuuliza tena kwa sauti yake: tangu lini? Nakiete akamwambia, tangu siku ya kwanza uliyokuja na bakuli. Baba yako alilishika ukingoni, kwa juu, kwa sababu kidole gumba chake hakikukunjika. Wewe ulilikingia kiganja kwa chini. Na wengine hawakuona, kwanza kwa ule ujanja wa utando, na pili kwa adabu zetu wenyewe, maana nani Irongo anamtumbulia macho mzee? Tunainama, tunatoa shikamoo, tunapita. Heshima yetu ndiyo iliyokupitisha.

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na maji yalikuwa yanafika mashambani."

Nakundwa akasimulia. Baba yake alianguka wakati wa mvua za vuli na hakuona asubuhi. Nakundwa alijua kifungu cha mkataba, maana yeye ndiye aliyekuwa akimsomea barua zake. Akamzika peke yake chini ya migomba, bila ndugu, bila dua ya watu, bila hata shangazi yake Nanzige, dada wa marehemu, kujua. Utando aliupata kwa mtu wa mjini. Tangu siku ile hajalia, kwa sababu machozi yanauachanisha ule utando kwenye kope.

"Neno moja tu, Mwalimu," alisema. "Sema ni yeye. Muhula unakwisha baada ya mavuno. Nitakuwa nimewavusha."

Nakiete alikasirika. Alikasirika kwa sababu alimpenda huyu binti, na kwa sababu ombi lilikuwa la haki na lilikuwa baya. Shangazi Nanzige alimpelekea kaka yake ndizi mbivu kila Ijumaa, akirudi anasimulia jinsi kaka yake siku hizi amekuwa mpole. Mlima mzima ulikuwa na maiti yake na haukujua.

"Yule wa Shirika anataka neno langu, na wewe unataka neno langu," alisema. "Miaka yote hii hamkunihitaji hata kwa salamu. Nikisema uongo kesho, keshokutwa yeyote atakuja hapa na uso wa yeyote, na mtaniita, na neno langu halitakuwa na kazi. Hilo ndilo pekee nililo nalo, Nakundwa."

"Basi utawapa maji."

Nakiete aligeuka. Aliteremka mlimani, na njiani watu waliomjua walimtazama ili waone kama atawasalimia.

* * *

Shauri lilisikilizwa kwenye uwanja wa msaragambo, watu wamekuja na majembe yao kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi. Hakimu Shekue, mwanamke mnene mwenye kikohozi kikavu, alikaa nyuma ya meza ya shule. Kulia kwake alikaa mwenyekiti, kushoto Bwana Kilave. Shangazi Nanzige alikuwa mstari wa mbele, na amemletea kaka yake mto wa kukalia.

Bwana Kilave alisimama, akazungumza vizuri sana, watu wakajikuta wanatikisa kichwa kumkubalia hata walipokuwa hawataki. Akamaliza kwa kuomba shahidi aseme aliyekaa kwenye kiti kile ni nani.

Nakiete alisimama. Alimuuliza hakimu kama ni kweli sheria ya utando inataka mleta shauri atambuliwe kwanza.

Hakimu alikohoa, akasema ni kweli, ingawa hakuna anayekumbuka kuiomba.

"Mimi naiomba," Nakiete alisema. "Huyu si mtu aliyekuja masika. Na wote wawili si yule aliyetia sahihi mkataba. Nimewapakulia akina Kilave watatu kwa mkono wangu."

Akaeleza: kidole kilichopinda, kucha pana, kicheko cha puani, kisigino. Alieleza taratibu, namna alivyokuwa akifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili, na watu waliokuwa wameukumbatia uso ule miaka yote wakaanza, mmoja mmoja, kuangalia mikono. Ilikuwa kama kumwona mtu anayeamka. Shirika lilikuwa limemleta mtambuzi wa watu mbele ya umati, na halikuwahi kufikiri kwamba anatambua hata anapopakua chakula.

Hakimu aliagiza maji ya magadi. Kitu kile kile kinacholainisha maharage ndicho kinachoyeyusha utando, na jikoni magadi hayakosekani. Sufuria ikaletwa. Bwana Kilave akaambiwa anawe.

Hakunawa. Alisema ni kudhalilishwa, alisema atawasiliana na wakubwa wake, alisema ana mzio. Hakimu alimsubiri mpaka maneno yakamwishia.

"Asiyenawa amekiri," alisema. "Na mkataba uliotiwa sahihi chini ya uso wa kuazima si mkataba. Kifungu chenu cha malango hakipo. Tena hakijawahi kuwapo."

Uwanja ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, majembe yakagongwa ardhini, na Ombeni, yule yule wa kamati ya wazazi, akaanzisha kuimba jina la Nakiete. Wakaliimba wote. Hakuwahi kusikia jina lake likiitwa kwa furaha na watu zaidi ya wawili kwa pamoja. Lilimwingia mwilini kama uji wa moto. Kiti cha mwenyekiti kilikuwa pale, na aliyekikalia alikuwa akimtazama, na Nakiete hakuhitaji kujua nyuso kujua anaombwa nini. Mikono ile miwili ilikuwa imefungana magotini.

Hakimu akainua kiganja. Shauri lilikuwa bado.

"Mwalimu Nakiete. Aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni nani?"

Sasa ilikuwa rahisi kuliko jana, na ndiyo maana ilikuwa ngumu kuliko jana. Jana uongo ungewaokoa. Leo maji yalikuwa salama, na uongo ungempa yeye tu: jina lake midomoni mwa watu, na amani. Nani angejua? Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuulizwa. Alitamani. Alitamani kwa moyo wote, kisha akafungua mdomo.

"Ni Nakundwa, binti wa Kiondo. Mzee Kiondo alifariki tangu vuli."

Ombeni akasimama, na sauti iliyokuwa inaimba ikawa ile ile ya kamati.

"Tulishashinda. Ungenyamaza ungepungukiwa na nini? Au ndiyo yale yale yako, hujui kuishi na watu?"

Nakiete alimgeukia. Alimjua kwa ile sauti. Angemjua hata gizani.

"Mlinitoa shuleni kwa sababu siwezi kusema huyu ni nani," alisema. "Leo mnanichukia kwa sababu nimesema huyu ni nani. Sasa chagueni moja, maana mimi sibadiliki. Niliambiwa jana ipo tiba. Siitaki. Mkiona kasoro hii inawauma, jitibuni nyinyi. Maji ni yenu na hakuna mkataba juu yake. Na marehemu ni wenu, hamjamlilia. Huyu binti amewalindia maji, na amewaibia msiba. Yote mawili ni yake. Mhukumuni kwa yote mawili, lakini mhukumuni yeye, si uso wa baba yake."

Nakundwa hakusubiri kuambiwa. Aliinamia sufuria ya magadi, akanawa, akanawa tena, na uso wa Kiondo ukamtoka vidoleni kwa vipande kama utando wa maziwa. Alipoinuka, kulikuwa na mwanamke kijana mwenye macho mekundu, na machozi aliyoyazuia tangu vuli yalikuwa yanashuka bila kuzuiwa na kitu.

Mtu akamtukana. Mwingine akasema mwacheni. Mzee mmoja alitema mate chini na kugeuka, na vijana wawili wakaanza kubishana kama afukuzwe au apigiwe kura. Hapakuwa na umoja, wala Nakiete hakuutarajia.

Shangazi Nanzige ndiye aliyewanyamazisha. Alisimama kwa shida, akamsogelea mtoto wa kaka yake, akamtazama kwa muda mrefu. Akainua mkono, watu wakadhani anampiga kibao. Alimshika kidevu.

"Umemlaza wapi?"

"Chini ya migomba, shangazi. Upande wa jua."

"Kichwa umekielekeza vizuri?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hilo umefanya. Mengine tutaongea, na hutayapenda."

Akamgeukia Nakiete. Ndizi zote zile, Ijumaa zote zile, zilikuwa katikati yao, na Nakiete hakuinamisha kichwa wala hakujitetea. Bibi yule akamnyooshea mkono ili Nakiete amsaidie kukaa chini. Akakaa ardhini, pale pale mbele ya meza ya hakimu, akajitanda kanga kichwani, na akaanza kulia kwa sauti.

Nakundwa alikuwa wa pili. Kisha wanawake wa mstari wa mbele, kisha wa nyuma, kisha kilio kikapanda mlima kwa njia ya mifereji, shamba kwa shamba. Wanaume wakavua kofia na kulaza majembe chini. Ombeni alisimama peke yake kwa kitambo. Halafu naye akavua kofia, akaketi.

Bwana Kilave alikuwa bado amesimama. Alipaza sauti juu ya kilio: imekiriwa kwamba mwenyekiti amekufa, kikao hakijafungwa, Shirika linaomba jambo hilo litambuliwe kabla hakimu hajaondoka. Hakimu Shekue alikuwa ameshafunika kalamu yake.

"Hapa sasa ni msibani," Nakiete alimwambia. "Kaa chini ulie na watu, au utupishe."

Yule mtu akatazama mbele, akatazama nyuma, akatafuta katika umati ule mzima uso mmoja wa kumsaidia. Nyuso zote zilikuwa zimeinama zinalia.